Bosi ananitaka nitunze siri ya zoezi la uvamizi wa bunduki kazini. Nifanyeje?

Mshauri mpendwa,

Mimi ni afisa utumishi katika kampuni yenye wafanyakazi wapatao 180, kwenye jengo la ghorofa nne. Ni katibu pia wa kamati ya usalama na afya kazini, na nadhani ndiyo sababu nimeingizwa katika jambo hili.

Mkurugenzi wetu ameajiri kampuni ya ulinzi ituandalie zoezi la mshambuliaji mwenye bunduki. Mpango ni kwamba siku ya kazi, asubuhi watu wakiwa wamejaa ofisini, wanaume wawili waliofunika nyuso wataingia kwa mlango wa mapokezi. Mmoja atabeba bunduki ya bandia, mwingine bastola halisi yenye risasi baridi, zile za mlio tu. Watafyatua mara kadhaa ghorofa ya chini, kisha watapanda juu wakigonga milango na kupiga kelele. Baada ya dakika 15 mkurugenzi atatangaza kwa kipaza sauti kwamba lilikuwa jaribio. Ngazi za nyuma zitafungwa kwa mnyororo na kufuli tangu asubuhi, ili watu wasitawanyike mahali ambapo kamera hazifiki.

Tunaojua ni watano tu. Nimepewa karatasi ya kutunza siri nitie sahihi. Bado iko kwenye droo. Nilipouliza kama polisi wanajua, nikajibiwa kwamba kuna afisa mmoja "tunayefahamiana naye" na atapigiwa simu siku hiyohiyo. Walinzi wa getini, ambao ni wa kampuni nyingine na wana silaha, hawataambiwa, kwa kuwa nao wanapimwa.

Mkurugenzi si mtu mbaya. Anasema adui hapigi hodi. Katika zoezi la mwisho la moto, ambalo lilitangazwa, watu walishuka wakipiga soga na simu masikioni, wengine wakabaki kwenye madawati wakimalizia barua pepe. Anaona zoezi linalojulikana mapema ni maigizo matupu. Nami niliyaona kwa macho yangu, siwezi kumpinga.

Lakini ofisini kuna mama wa uhasibu aliyewahi kunusurika uvamizi wa majambazi. Kuna mwenzetu ana mimba ya miezi saba, na mwingine amewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Madirisha ya ghorofa ya pili ni makubwa, hayana nondo, na chini yake ni maegesho ya sakafu ya zege.

Nimefikiria kuwanong'oneza hao watatu waombe ruhusa siku hiyo. Nimefikiria kutuma ujumbe usio na jina kwa wafanyakazi wote. Wakati mwingine nafikiria nitie sahihi tu, nijipe moyo kwamba wataalamu wanajua wanachofanya. Nikisema, kitumbua changu kitaingia mchanga. Nikinyamaza na mtu akaumia, sijui nitaishi vipi na hilo.

Mbeba Siri

*

Ndugu Mbeba Siri,

Umebebeshwa mizigo miwili kwa mpigo, na nadhani ndiyo maana huoni pa kuanzia. Mmoja ni wa usalama: je, zoezi hili lilivyopangwa linaweza kumdhuru mtu? Mwingine ni wa uaminifu: umekabidhiwa siri na mtu unayemheshimu, wakati cheo chako kwenye kamati kinakudai uwalinde wale wasioijua. Nianze na ule wa usalama, kwa sababu una mambo yanayopimika.

Tumtendee haki mkurugenzi wako. Wasiwasi wake una msingi. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilichambua mashambulizi 160 ya aina hii yaliyotokea nchini humo kati ya mwaka 2000 na 2013. Katika yale 63 ambayo muda wake ulijulikana, 44 yalimalizika ndani ya dakika 5. Mara nyingi, basi, polisi hufika mambo yameshaisha, na kinachookoa watu ni kile wanachokijua wenyewe. Ndiyo sababu jiji la Houston lilieneza mwaka 2012 ule mwongozo wa kimbia, jifiche, pambana, na Uingereza wakafundisha wa kwao: kimbia, jifiche, toa taarifa. Kampuni inayotaka watu wake wayajue haya inafanya jambo la maana.

Ninaposita ni pale anapochukulia kwamba kuwashtua watu ndiko kuwaandaa. Mfano wake wa moto unasikika vizuri, ila haulingani na hili. King'ora cha moto kina agizo moja tu, toka nje, na mtu akilitii bila kujua kama ni jaribio, hadhuriki. Kwenye shambulio la bunduki mtu anafundishwa njia tatu, na kila moja inageuka hatari pale anapoamini kwamba kifo kiko mlangoni. Anayekimbia anaweza kuruka dirishani. Anayejificha hukaa gizani akiwaaga wanawe kwa simu. Na anayepambana, ambaye ndiye husahaulika kwenye mipango hii, huchukua mtungi wa kuzimia moto akampiga nao kichwani mwigizaji wa watu, aliyekuja kutafuta riziki. Huyo mpigaji hana kosa. Amefanya alichofundishwa.

Haya yameshatokea. Tarehe 30 Novemba 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la namna hii bila wengi kujua. Ilikuwa miezi michache tu tangu shambulio la Garissa la tarehe 2 Aprili lililoua watu 148, kwa hiyo milio iliposikika hakuna aliyesubiri maelezo. Watu waliruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja alifariki na wengine kadhaa walijeruhiwa. Kule Michigan, Marekani, tarehe 21 Desemba 2022, hospitali ya watoto wenye matatizo ya akili iitwayo Hawthorn Center ilitangaza kwa vipaza sauti kwamba kuna wavamizi wenye silaha, bila kusema ni zoezi. Watu walijificha na kutuma ujumbe wa kuagana na familia zao. Wengine walipiga simu ya dharura, na polisi wakaja na silaha zao wakiamini ni kweli. Kesi iliyofuata ilimalizika kwa serikali ya jimbo kukubali kulipa dola milioni 13.

Ukiyaweka matukio hayo karibu na mpango mlionao, yule "afisa tunayefahamiana naye" hatoshi. Simu za wafanyakazi wako hazitaingia kwake; zitaingia chumba cha kupokea simu za dharura, kwa mtu ambaye hajui lolote. Hapohapo getini kuna walinzi wenye risasi za moto ambao kazi yao ni kumzuia mtu mwenye kinyago na bunduki. Mkurugenzi anataka kuwapima. Je, wakifaulu mtihani huo, nani atakuwa amelala chini?

Bastola nayo ina yake. Risasi baridi haina kichwa, lakini baruti yake inatoa gesi ya moto yenye nguvu ya kuua kwa karibu. Mwigizaji Jon-Erik Hexum alikufa mwaka 1984 baada ya kujielekezea kichwani bastola yenye risasi za namna hiyo, kwa mzaha. Na kuna hatari kubwa kuliko hiyo ya gesi: kuchanganya risasi. Agosti 2016 huko Punta Gorda, Florida, polisi walikuwa wakiwaonyesha raia jinsi askari anavyoamua kufyatua au kutofyatua. Bastola iliyodhaniwa ina risasi baridi ilikuwa na risasi za kweli, na mama wa miaka 73 aliyejitolea kushiriki akauawa mbele ya wenzake. Hapo kila mtu alijua ni zoezi. Ongeza kwamba mlio wa risasi baridi kwenye korido iliyofungwa unaweza kupita desibeli 140, kiwango ambacho mlipuko mmoja tu unaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Kwa kuwa lengo ni watu wajifunze kutoka na kujificha, sioni bastola inaongeza nini.

Halafu lile kufuli la ngazi za nyuma. Nimelirudia mara kadhaa katika barua yako, na kama ningekuwa na swali moja tu la kumuuliza mkurugenzi wako, lingekuwa hilo. Watu 180 wakiwa na ngazi moja, na ngazi yenyewe ndiyo wanayopandia wavamizi, watarudi nyuma kuelekea mlango waliouzoea, wataukuta umefungwa, na wale wa nyuma hawatajua. Watasukuma. Msongamano wa kwenye ngazi huua kwa kubana vifua, na hauhitaji umati mkubwa. Anatosha mmoja kuanguka kwenye kona ya ngazi. Zilipo kamera hapatabaki njia nyingine isipokuwa yale madirisha. Katika nchi nyingi, kufunga njia ya dharura kwa kufuli watu wakiwa ndani ni kosa la kisheria hata pasipo zoezi lolote. Na linaharibu hata lengo lenyewe: somo la kwanza ni kimbia, nanyi mmelifunga kwa mnyororo.

Sasa niruhusu nikuulize na wewe mambo mawili.

Umewataja watatu kana kwamba hatari iko kwao tu. Hao ni wale unaowajua kwa sababu faili zao zimepita mezani kwako. Yule ambaye mimba yake ni changa na hajamwambia mtu, mwenye pumu, kijana aliyewahi kushikiwa bunduki utotoni na hasemi, utawajuaje? Na ukiwanong'oneza hao watatu, umetumia taarifa za afya walizokupa kwa kazi nyingine. Mnong'ono haukai pia. Kufikia jioni watu 30 watakuwa wamesikia kwamba "kuna kitu siku fulani", nusunusu. Uvumi huo una hatari yake: siku hiyo akiingia jambazi wa kweli, hao 30 watakaa wakitabasamu wakidhani ni maigizo.

Jingine: unaona kama mbele yako kuna milango miwili tu, kulipua siri au kuimeza. Mimi naona siri na zoezi ni vitu viwili. Inawezekana kuiua siri na zoezi likabaki, tena likawa bora, na mkurugenzi akapata anachokitaka. Pengine bado hajaonyeshwa jinsi gani.

Kama utachagua kurudi kwake kabla ya kutia sahihi, usiende na pingamizi. Nenda na maswali yaliyoandikwa, ukurasa mmoja. Tunataka kupima nini hasa, na kwa kipimo gani? Chumba cha simu za dharura kimejulishwa kwa maandishi, na nani amekiri kupokea? Nani, asiyehusika na zoezi, atawapekua waigizaji? Mtu akianguka au akipanda dirishani, nani ana uwezo wa kusimamisha kila kitu papo hapo, kwa neno gani? Bima yetu inasemaje? Mtu wa kampuni ya ulinzi naye aulizwe tathmini ya hatari aliyoiandika. Wewe umejipa moyo kwamba wataalamu wanajua. Mtaalamu anayejua huwa nayo tayari, na asiye nayo utamgundua kwa jinsi anavyokwepa.

Nenda pia na mpango mbadala. Wiki tatu kabla, mafunzo ya saa moja kwa makundi ya watu 20 hadi 25, na nusu ya saa hiyo itumike kutembea kwenye ghorofa yao: mlango wa kwanza, mlango wa pili, chumba kipi kinafungika kwa ndani. Hapa ndipo utashangaa, kwa sababu milango mingi ya vioo maofisini hufungwa kwa ufunguo tu, na ufunguo uko mapokezi, mahali ambapo mvamizi anaanzia. Hakuna aliyehitaji kupiga kelele ili jambo hilo lijulikane. Lifuate zoezi la mezani: mkurugenzi na wakuu wa ghorofa, ramani ya jengo, dakika 90, msimamizi akisoma hali mpya kila baada ya dakika chache. "Wa mapokezi amekimbia. Kipaza sauti kiko kwake. Nani anatangaza?" Kimya kinachofuata swali hilo huwafundisha wakubwa kuliko milio 10 ya bastola.

Ndipo lije zoezi lenyewe, siku na saa vikijulikana, watu wakikumbushwa jana yake na asubuhi hiyo. Getini na kila mlango kuna bango, maana wageni, wasafishaji na waleta mizigo hawasomi barua pepe zenu. Majirani na polisi wana taarifa. Anayetaka kutoshiriki haulizwi sababu. Hakuna mwigizaji, kinyago wala damu ya rangi. Tangazo linaanza na "Hili ni zoezi" mara tatu na kurudiwa kila dakika. Yeyote akisema "Sitisha zoezi", linasimama. Pawepo pia maneno tofauti, kwa mfano "Hii si zoezi, ni dharura ya kweli", kwa sababu mtu anaweza kupatwa na mshtuko wa moyo katikati ya zoezi na wenzake wakadhani anaigiza. Waangalizi wenye reflekta wanasimama kila kona ya ngazi na saa ya kuhesabu. Dakika 10 zinatosha. Baada ya hapo watu wanahesabiwa, wanakaa nusu saa kusema kilichokwama, na wiki mbili baadaye unawauliza tena, maana wapo ambao usingizi huwapotea kimyakimya.

Na wale waliokuwa wakipiga soga? Mkurugenzi ameona tatizo la kweli, ila dawa yake si hofu. Baada ya zoezi, muda ambao kila ghorofa ilitumia ubandikwe ukutani: ghorofa ya tatu dakika 4, ya pili dakika 9, na jina la mkuu wa ghorofa liwe pembeni ya namba. Aibu hiyo ndogo hufanya kazi. Kama anataka jambo la kushtukiza, apime vifaa na wakubwa, si hofu za watu: aende siku yoyote akajaribu kama mlango wa nyuma unafunguka, kama tangazo linasikika chooni, kama wakuu wa ghorofa wanajibu ujumbe wa majaribio ndani ya dakika 2. Wapo wanaopendekeza njia ya kati, kutangaza kwamba zoezi litafanyika wakati wowote wiki fulani. Inapunguza fazaa, lakini kwa wiki nzima kila mlio wa kweli utadhaniwa ni zoezi. Kutangaza kipindi cha saa moja au mbili kuna hatari ndogo zaidi.

Kurudi kwake kuna hatari zake pia. Anaweza kukuona mwoga, akakutoa kwenye mpango, nawe ukabaki unajua bila kuwa na sauti. Ndiyo maana wengine hupitia kamati. Sheria za usalama kazini katika nchi nyingi huipa kamati haki ya kushirikishwa, na hoja ikitoka kwa kamati haiwi yako peke yako. Ila siri itakuwa imefika kwa watu wengi zaidi, na mkurugenzi akishtukizwa mkutanoni atatetea heshima yake kabla ya kutetea mpango. Kumwambia mapema kwamba unalipeleka kamati hupunguza hilo, ingawa kunampa pia nafasi ya kukuzuia.

Kukataa sahihi na kukaa kimya kunalinda jina lako, hakufungui lile kufuli. Kabla hujaamua, mpe mwanasheria au mtu wa chama cha wafanyakazi aisome karatasi hiyo, na umuulize jambo moja mahususi: je, inakuzuia hata kutoa taarifa ya hatari kwa mkaguzi wa kazi? Maana huyo mkaguzi ni njia nyingine, pamoja na kupiga simu wewe mwenyewe chumba cha dharura kuuliza kama wana taarifa. Ni njia zenye nguvu, na zinaweza kukugharimu. Kinga ya mtoa taarifa inatofautiana sana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo ujue ya kwenu kabla, si baada.

Ujumbe usio na jina nauonea shaka kuliko yote. Mko watano, utajulikana kabla ya saa sita mchana. Na ukifika watu wakiwa tayari ofisini, kwa maneno ya mafumbo, unaweza wenyewe kuwa chanzo cha watu kukimbia. Ikifika mahali ukaona huna njia nyingine, ni afadhali maneno ya wazi, yenye siku na saa na jina lako chini.

Kuna na kubaki ndani ya mpango ukaupunguza makali: bastola iondolewe, mnyororo ufunguliwe, walinzi waambiwe. Huenda ukafanikiwa kwa mawili kati ya matatu. Hapo utalazimika kujiuliza kama hilo la tatu lililobaki unaweza kulibeba, na hilo mimi siwezi kukujibia.

Njia yoyote utakayoishika, andika. Siku ya kila mazungumzo weka tarehe, nani alikuwepo, uliuliza nini, ukajibiwa nini, kisha umtumie mkurugenzi muhtasari mfupi wa adabu: "Kama tulivyozungumza leo, niliomba ngazi za nyuma zisifungwe." Utakulinda wewe, na mara nyingi mtu akisoma mpango wake mwenyewe kwa maandishi ya mwingine, humwita mwandishi wapitie tena. Akikuita, beba ramani ya jengo na anza na ngazi za nyuma.